Kula Giza

Sinki lilikuwa limegeuka jeusi tena. Mama Chiriku alimwaga maji ya moto, akanyunyiza sabuni ya unga, akachukua brashi ya kusugulia kola za mashati na kuinama. Weusi uliachia kidogo kidogo ukawa ute, ute ukateleza hadi kwenye tundu, ukakwama pale na kutoa mapovu kama kitu kinachopumua. Alikuwa dobi wa hoteli. Alikwisha kufua damu, matapishi na mambo mengine ambayo hakupenda kuyataja watu wakiwa mezani. Hakuwa mtu wa kinyaa, lakini ute huu ulimfanya ageuze uso.

“Nani amepiga mswaki hapa akaacha hivi?”

“Sote,” mumewe alijibu kutoka mezani, mdomo umejaa.

Aligeuka. Baba mtu na binti yake walikuwa wameketi wakitazamana, na kati yao kulikuwa na boksi la mkate mweusi kama tairi na kopo la aiskrimu nyeusi iliyoanza kuyeyuka. Walikuwa wakishindana kutoa ulimi. Ndimi zilikuwa nyeusi, na kwenye fizi palipita mstari mweusi, kama kucha za mtu aliyetoka kuchimba. Binti alicheka, mate meusi yakamtoka pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni hadi kwenye kola ya sare ya shule.

“Jifute! Sare hiyo nimeifua jana tu.”

“Mama, leo choo changu kilikuwa cheusi tii.”

“Tuko mezani.”

“Baba amesema hata chake.”

“Huo ni uchafu unatoka tumboni,” baba mtu alidakia. “Ndiyo kazi yake. Mkaa unasafisha.”

“Mkaa unasafisha,” Mama Chiriku alirudia. “Miaka yote hii nanunua sabuni, kumbe nilitakiwa nisugue mashuka kwa mkaa.”

Binti alicheka hadi akapaliwa. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Mama alimpa kidonge cha asubuhi na glasi ya maji, akamtazama akimeza, kisha akamwambia afungue mdomo, akaangalia chini ya ulimi. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi na kila jioni. Chiriku alikuwa na kifafa. Tangu walipompatia dawa hiyo, enzi za darasa la pili, hakuwa ameanguka tena, na nyumba ilikuwa imeanza kusahau namna ya kuogopa.

Kidonge kilikuwa kichungu. Chiriku akachota kijiko cha aiskrimu nyeusi, akakishushia. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo.

*

Baba Chiriku alikuwa fundi wa majokofu, na hodari wa kazi yake. Macho yake yalikuwa madogo na yamekaribiana, shingo fupi, meno mawili ya juu yametangulia mbele, na masharubu machache magumu yamesimama kila moja kivyake. Utotoni walimtania, akazoea. Kisha televisheni ikaanza kuonyesha katuni ya Babu Fuko, fuko mzee mwenye koti anayechimba chini ya mji na kuibukia kwenye vyoo vya watu. Watoto wa mtaani wakamwona fundi akipita na begi lake la vifaa, wakapiga mayowe ya “Fuko! Fuko!”

Siku moja aliitwa kutengeneza friza katika duka liitwalo Giza, ambalo kila chakula chake kilichanganywa na unga wa mkaa: mkate, keki, juisi, aiskrimu. Kichwa chake kilipochomoza nyuma ya friza kikiwa na vumbi na utando wa buibui, mteja mmoja akampiga picha. Friza ilikuwa haijaanza hata kugandisha, na picha ilikuwa imekwisha zunguka simu za mji mzima.

Mwenye duka alikuwa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Bosi, na hakuzubaa. Wakati ule watu walikuwa wameshikwa na wazimu wa mastaa wanaofanana na katuni. Palikuwa na mtangazaji wa televisheni mwenye macho makubwa ya samaki wa kuchorwa, mwanamuziki mwenye midomo ya bata, na mchezaji mpira aliyesemekana kuwa ni yai lenye miguu. Picha ziliwekwa ubavu kwa ubavu, mtu na kikaragosi chake, na watu wazima wenye kazi zao wakabishana hadi kutukanana. Bosi aliwakusanya mastaa hao, fundi akiwemo, akawa anawalisha mkaa mbele ya kamera. Mastaa wengine walikuwa na sauti ya kuimba au kutangaza, au mguu wa kushoto wa kufunga mabao. Fundi alikuwa na sura tu.

Masharti yalikuwa mepesi kusikia. Asinyoe masharubu. Asiguse meno, ambayo kwa miaka alikuwa akiweka akiba ayarekebishe. Na akiwa mbele ya watu, asiseme kwa sauti yake, aseme kwa sauti ya Fuko, ya puani, na kila mara amalizie kwa kuita, “Kula giza!”

Bosi alipenda kumshika shavu na kulivuta, kama mtu anayepima ubora wa kitambaa.

“Uso huu!” aliwaambia wageni wake. “Mungu alikuwa na utani siku hiyo.”

Wageni walicheka, na fundi alicheka pamoja nao, kwa pua.

“Wanakucheka,” mkewe alimwambia siku aliyorudi na kodi yote ya nyumba mfukoni.

“Zamani walinicheka bure, mama. Sasa wanalipa.”

Binti alikuwa na viatu vipya, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwasalimia. Kila wiki lilikuja boksi kubwa jeusi la zawadi, na nyumba ambayo haikuzoea kununua keki ikawa inakula keki asubuhi, mchana na jioni. Yeye mwenyewe alijaribu mara moja. Ilikuwa na ladha ya sukari na, nyuma ya sukari, ladha ya kitu ambacho mtu hula akiwa ameanguka kifudifudi. Akatema ndani ya kiganja. Mumewe na binti wakamcheka.

*

Giza ilipofungua tawi jipya, uwanja wa mbele ulijaa hadi barabarani. Kulikuwa na jukwaa, maspika makubwa kama makabati, na bango lenye uso wa fundi upande mmoja na wa Fuko upande wa pili. Mama Chiriku na binti yake walipewa viti vya mbele. Chiriku alikuwa amechoka tangu asubuhi. Darasani wiki hiyo mwalimu alilalamika kwamba anakodoa macho dirishani, akiitwa haitiki. Mama alidhani ni kukua.

Nyuma ya jukwaa, mastaa walikuwa wakiingia na kutoka kama mafundi wa zamu. Kila aliyemaliza kula mbele ya kamera alirudi haraka, mashavu yamevimba, akainamia ndoo ya plastiki iliyowekwa pembeni. Fundi alidhani ni ndoo ya takataka. Akamwona yule mtangazaji wa macho makubwa, ambaye watu walimwita Dada Macho, akiinama na kutema bonge zima la keki. Halafu akasukutua kwa maji ya chupa na kutema tena.

“Umeumwa, dada?”

“Niumwe na nini? Kwani wewe umemeza?”

“Nimemeza.”

“Jamani!” Dada Macho aliwageukia wenzake. “Fuko anameza!”

Mwanamuziki wa midomo ya bata alicheka hadi akashika ukuta. “Kaka, hakuna anayemeza. Mimi nina safari kesho, nikaharishe lami ndani ya ndege?”

Fundi alichungulia ndoo. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Keki zilizotafunwa zilikuwa zimelowa mate na kuvimba, juu zimefunikwa na utando wa mapovu ya kijivu, na nzi mmoja alikuwa amenasa humo akijaribu kuinua mguu. Harufu ya sukari na vinywa vya watu ilimpanda puani.

“Na yale maboksi wanayotupa tupeleke nyumbani?”

“Mimi nampa mlinzi wangu,” Dada Macho alisema akijifuta midomo kwa leso. “Mlinzi sijui anampa nani. Wewe unayapeleka wapi?”

Jina la Fuko lilikuwa limeitwa jukwaani.

Alipotoka, umati ulipiga kelele. Bosi alikuwa tayari amesimama katikati, kipaza sauti mkononi, na mkono wa pili umemshika Chiriku. Lilikuwa jambo ambalo hawakupanga.

“Mnamwona huyu? Huyu ndiye binti wa Fuko mwenyewe! Na binti wa Fuko anakula nini?”

“Giza!” umati ukaitika.

Walileta bakuli la aiskrimu kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Fundi alisogea. Alitaka kusema, basi, amekula nyumbani, asile zaidi. Alikuwa hajui chochote cha kidaktari, ila alikuwa ametoka kuona ile ndoo. Lakini kipaza sauti kilikuwa chini ya kidevu chake tayari, Bosi akimkazia macho, na sauti yake mwenyewe haikuruhusiwa pale.

“Kula giza,” alisema, kwa pua.

Chiriku alikula. Mwanzoni alikula kwa madaha, akiwapungia wenzake wa shule. Kisha kijiko kikasimama hewani. Macho yake yakaelekea juu, upande mmoja, kana kwamba ameitwa na mtu aliye darini. Bakuli likaanguka kwanza. Yeye akafuata.

Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya moyoni, walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtoto wa katuni amekula giza, giza limemwangusha. Miguu ilikuwa ikipiga mbao za jukwaa, mikono imekunjika, na mdomoni mlikuwa mkitoka povu jeusi, jingi, lililomwenea mashavuni na kuingia masikioni. Mtu wa muziki, akidhani ndiyo wakati wake, akapiga ngoma ya kuchekesha.

Mama Chiriku alipanda jukwaa bila kutumia ngazi. Alimgeuza mtoto ubavu, akaweka kanga yake chini ya kichwa, akasukuma mbali vipande vya bakuli. Hakutia kitu mdomoni, kama alivyofundishwa. Mumewe alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anarudia jina la mtoto.

“Zimeni muziki!” alipaza sauti Mama Chiriku. “Zimeni!”

Juu yao kulikuwa na duara la simu. Kijana mmoja aliyevaa vizuri alimgusa bega kwa adabu.

“Samahani, mama. Sogea kidogo, unaziba.”

*

Chiriku alianguka tena ndani ya gari, na tena mlangoni mwa hospitali. Walimchoma sindano, wakamwekea dripu, akatulia. Daktari wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliwaita wazazi pembeni ya kitanda.

“Dawa anameza?”

“Anameza,” Mama Chiriku alisema. “Kila siku. Namwangalia mpaka chini ya ulimi, daktari. Sijawahi kuacha. Wallahi sijawahi.”

“Nakuamini, dada. Tulia. Kuna kitu kipya kimeingia nyumbani? Dawa nyingine, ya kienyeji, ya kikohozi?”

“Hakuna.”

Daktari alichukua pamba, akafuta kona ya mdomo wa mtoto, akaitazama pamba ilivyokuwa nyeusi.

“Na hii?”

Wazazi walitazamana. Fundi ndiye aliyeeleza. Alieleza mkate, keki, aiskrimu ya kushushia kidonge, kila kitu, akiwa ameinamisha kichwa. Daktari alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza akavuta kiti.

“Mkaa huo hata sisi tunao hapa. Mtu akinywa sumu akiwahishwa, tunampa. Unaikamata sumu tumboni kabla haijaingia mwilini, unatoka nayo. Sasa, kaka, mkaa hauna macho. Haujui hii sumu, hii dawa. Unakamata tu.”

“Kwa hiyo kidonge…”

“Vingi vimepita hivyo hivyo. Vimekwenda chooni.”

Mama Chiriku alikaa chini, kwenye sakafu ya wodi, mgongo ukutani.

“Nimekuwa nikisugua choo,” alisema polepole. “Kila asubuhi nasugua. Kumbe nilikuwa nasafisha dawa ya mwanangu.”

“Mama Chiriku…” mumewe alianza.

“Usiniguse sasa hivi. Mikono yako imeshika yale maboksi. Ukanawe kwanza.”

Alikwenda kunawa. Alinawa hadi watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni ya bomba wakaanza kunong’ona. Mwuguzi mmoja akamtambua na kuuliza kama anaweza kupiga naye picha, kwa ajili ya mwanawe.

*

Bosi alifika siku iliyofuata, amejaa manukato. Alimpapasa Chiriku mguuni, juu ya shuka, kwa ncha za vidole. Mtoto alikuwa ameamka, lakini maneno yalimtoka moja moja, mazito. Mama yake aliyemzoea akisema bila kupumua alikuwa akiyapokea hayo maneno kama mtu anayeokota shanga.

“Pole sana, mrembo. Gharama zote za hapa ni zangu,” Bosi alisema. Kisha akawavuta wazazi hadi ukumbini. “Sasa, kuna maneno yanazunguka huko nje. Kesho Fuko ataingia kwenye kipindi cha televisheni, cha moja kwa moja, atuambie mtoto alizidiwa na joto. Hamtasema uongo. Joto lilikuwepo.”

“Daktari amesema ni mkaa wako,” fundi alisema. Tangu amgeuze Fuko, Bosi hakuwa ameisikia tena sauti yake halisi, na alishtuka kidogo, kana kwamba kiti kimesema.

“Amesema umezuia dawa. Hilo ni jambo jingine. Kila mtu anajua hilo.”

“Kila mtu nani?”

“Si lipo kila mahali? Mimi mwenyewe nina presha. Nanywa vidonge vyangu, sikigusi kitu hicho.” Alisema hivyo kwa wepesi kabisa, kama anavyosema mtu kwamba hapendi vitunguu. “Mngeniambia mtoto ana kifafa, ningewaambia. Nyinyi ndio mlificha.”

Mama Chiriku alimtazama midomo. Ilikuwa safi, myekundu, na meno nyuma yake yalikuwa meupe kama vyombo vya hoteli.

“Umempa mwanangu bakuli kwa mkono wako,” alisema.

“Dada, usinikoromee. Nani amewalipia kodi?”

Bosi akatabasamu, akamvuta fundi shavu.

“Kesho. Usinyoe.”

Walipobaki wawili, fundi alisema, “Nitakwenda.”

“Utakwenda?”

“Nitakwenda, lakini sitasema alivyosema.”

*

Mwendeshaji wa kipindi alikuwa Dada Macho. Kulikuwa na watazamaji ukumbini, safu kwa safu, na wengi walikuwa wamevaa masharubu ya karatasi. Fundi alikaa kwenye kochi jekundu, miguu haikugusa vizuri sakafu. Kicheko kilianza kabla hajasema lolote.

“Fuko wetu! Tupe habari za mtoto,” Dada Macho alisema.

“Sikieni, jamani,” fundi alisema, kwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ya chini. Ukumbi ulilipuka. Walifikiri ni kichekesho kipya, Fuko kuiga sauti ya binadamu.

Alingoja watulie. “Sitanii. Mwanangu ana kifafa. Mkaa umekula dawa yake, ameanguka. Mtu yeyote anayenywa dawa, ya presha, ya sukari, ya moyo, ya kupanga uzazi, yoyote ile, asile vyakula hivi. Akamwulize daktari kwanza.”

Alivyozidi kusema kwa uchungu, ndivyo meno yake yalivyozidi kutoka, na masharubu kutikisika, na macho madogo kupepesa. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. Mwingine alijipiga mapaja.

“Nawaomba,” fundi alisema. Akaanza kulia.

Babu Fuko, kwenye katuni, hulia hivyo hivyo. Watu walisimama wakapiga makofi.

Fundi alimgeukia Dada Macho. Yeye alijua, ndoo alikuwa ameiona, alikuwa ameijaza. “Waambie, dada,” alimnong’oneza. “Waambie wewe, watakusikia.” Yale macho makubwa yalimtazama, yakatua juu yake kitambo, na kwa muda huo alidhani atasema. Kisha akageukia kamera, akaonyesha meno.

“Fuko, wee! Utatuvunja mbavu! Msiende mbali, tunarudi baada ya tangazo.”

Tangazo lilikuwa la Giza.

Kufikia jioni, kile kilio chake kilikuwa kimewekewa muziki. Watoto walikuwa wakipita chini ya dirisha wakiita, “Sikieni, jamani!” na kuanguka chini makusudi, mikono imekunjwa. Bosi hakukasirika hata kidogo. Alimtumia ujumbe wa sauti, akicheka: “Wewe ni kiboko! Mikate imekwisha matawi yote. Umeniweza.”

Fundi aliusikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto. Akainuka, akaenda chooni, akatapika. Kilichotoka kilikuwa bado cheusi.

*

Chiriku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama yake aliomba ruhusa kazini. Msimamizi alimnunia, akasema mashuka hayajifui. Akaondoka hivyo hivyo. Fundi aliuliza wanakwenda wapi. “Dukani kwao,” mkewe alisema. “Wamekucheka wewe. Mimi sifanani na kitu.”

Foleni ya tawi jipya ilikuwa imepinda kona. Mama Chiriku alianza mwishoni. Hakuhutubia. Alimwendea mtu mmoja mmoja, kwa salamu, na kuuliza swali moja: “Samahani, ndugu yangu, unanywa dawa yoyote?” Aliyesema ndiyo, alimwelezea alichoelezwa na daktari, akaenda kwa anayefuata. Chiriku alikuwa pembeni, ameshika upindo wa gauni la mama, na akiulizwa alisema mwenyewe, kwa maneno yake yaliyoanza kurudi, “Ni mimi. Niliyeanguka.”

Fundi alijaribu kusaidia, lakini kila aliposogea watu walitoa simu. “Fuko! Lia kidogo!” Wakasahau waliyokuwa wakiambiwa. Basi akafanya lile aliloliweza. Akasogea hadi ukutani, akasimama ameelekeza uso ukutani na mgongo kwenye foleni, begi la mkewe mkononi, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alikaa hivyo na jua likimpiga kisogoni. Nyuma yake alisikia swali la mkewe likirudiwa, na majibu. Wengine walimwambia aache wivu. Kijana mmoja alisema, “Mama, kama hutaki, kanunue muhogo.” Wengine walitoka kwenye foleni kimya, bila kushukuru, wakiwa na haraka ya kutoonekana. Hawakuwa wengi.

Mlinzi alikuja. “Bosi anasema muondoke.”

“Mwambie barabara si yake,” Mama Chiriku alisema, wala hakumtazama. “Shikamoo, bibi. Samahani, bibi, unanywa dawa yoyote?”

“Marahaba. Ninazo za moyo, mwanangu. Kwani?”

Aliambiwa. Bibi kizee alisikiliza, mkono sikioni, akauliza tena, akaambiwa tena. Kisha akatoka kwenye foleni, akaja polepole hadi ukutani.

“Na huyu?”

“Mume wangu.”

“Wewe, baba. Geuka nikuone.”

Fundi aligeuka. Bibi alimtazama meno, masharubu, macho. Fundi alijua kitakachofuata, akakaza taya akisubiri. Mdomo wa bibi ulitetemeka kweli, lakini si kwa kicheko. Ndani ya mdomo huo, fizi zilizobaki bila meno zilikuwa nyeusi tititi.

“Wajukuu waliniambia Fuko anakula kila siku, ana nguvu,” alisema. “Nimekuwa nakula kwa sababu yako. Keki yao ni laini, haihitaji kutafuna. Na kifua changu juzi na jana kinabana, kinabana, nikasema labda ni uzee.”

“Nisamehe, bibi.”

“Hayo baadaye. Hospitali iko wapi?”

“Mbali kidogo. Unaweza kutembea?”

“Siwezi.”

Fundi alimpa mkewe begi. Akachuchumaa mbele ya bibi, akamwambia ashike mabega, akamwinua mgongoni. Alikuwa mwepesi kama boksi tupu, na pumzi yake, yenye harufu ya sukari na mkaa, ilimpiga fundi shavuni, fupi fupi. Watu wa foleni walipoona Fuko amebeba bibi kizee, wakapiga miluzi, wakainua simu. Wachache walikimbia mbele wamchukue vizuri usoni.

“Nipisheni,” fundi alisema.

Walicheka, hawakupisha. Mama Chiriku akatangulia mbele, Chiriku ameshikilia gauni lake, kiwiko kimoja huku, kiwiko kingine kule, akiwasukuma watazamaji hao wote kama mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba, na mumewe akafuata nyuma yake kwa mbio.